Kutoka Arras hadi Arenberg kwa baiskeli: mashimo ya makaa ya mawe na mahandaki ya vita

Swali: Kwetu ni Tanga, naishi Brussels. Nina baiskeli ya barabarani yenye matairi ya milimita 28, na nimezoea kilomita 80 kwa siku. Mwezi wa sita nitapata siku mbili, nataka kuzungukia eneo la zamani la migodi ya makaa ya mawe kaskazini mwa Ufaransa na kuona kumbukumbu za Vita vya Kwanza. Nianzie migodini au kwenye vita? Je, ni adabu kuingia makaburini na nguo za baiskeli? Halafu baba wa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita hivyo, hakurudi. Kuna mahali huko pa kumkumbuka?

Jibu: Dada, anzia kwenye vita. Lakini anzia Arras, siyo Lens, na uelekee kaskazini. Wageni wengi hushuka Lens kwa sababu ndiyo mji wa migodi, kisha wanapanda kwenda Vimy na kurudi. Wanaona vyote, ila wanaviona kama vitu viwili mbalimbali: hapa makaa, pale makaburi. Ukitoka Arras, miguu yako itakueleza kwa nini vyote viko mahali pamoja.

Kusini mwa Lens ardhi ni mwamba wa chaki, ile ile ya ubaoni. Kutoka Arras inainuka taratibu mno. Utagundua tu kwamba umeshusha gia moja, kisha nyingine. Halafu juu kabisa, pale Vimy, ardhi inakatika. Upande wa pili mteremko ni mkali, na chini yake limelala bonde tambarare lenye miji ya matofali mekundu na vilima vyeusi vyenye ncha. Hilo ndilo bonde la makaa. Mwenye kushika ukingo wa juu aliona kila kitu kilichotembea kule chini, na makaa ndiyo yaliyoendesha viwanda, treni na meli za kivita. Wajerumani waliufikia ukingo huo Oktoba 1914 wakaushikilia, na nyuma yao ikabaki sehemu kubwa ya migodi ya Ufaransa. Upande wa Béthune na Bruay migodi ilibaki kwa Wafaransa, ikaendelea kuchimba huku mizinga ikisikika. Ukiyabeba hayo kichwani, hutahitaji ramani ya vita.

Kufika ni rahisi. Panda treni ya kawaida kutoka Brussels hadi Lille kupitia Tournai, kisha treni ya mkoa hadi Arras. Angalia masharti ya baiskeli kwa treni utakayopanda, hasa saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Pale Arras, kabla ya kukanyaga pedali, ingia Carrière Wellington, dakika chache tu kutoka stesheni. Ni machimbo ya kale ya chaki, mita 20 hivi chini ya ardhi. Wakati wa vita, wachimbaji kutoka New Zealand, wakiwemo Wamaori, waliyaunganisha yakawa mji mzima wa chini kwa chini. Wanajeshi 24,000 walijificha humo hadi tarehe 9 Aprili 1917, saa 11 na nusu alfajiri, walipotoka mbele ya mahandaki ya Wajerumani. Wale wachimbaji wa New Zealand waliita mapango kwa majina ya miji yao ili wasipotee, na majina yale bado yameandikwa ukutani kwa rangi. Utavalishwa kofia ya chuma kama ya askari wa wakati ule. Chukua koti, maana kule chini ni baridi mwaka mzima, na ukishuka na jasho utatetemeka.

Nimetaka uanze hapo kwa sababu maalumu. Vita vya eneo hili vilipiganwa na wachimbaji kwa kiasi ambacho watu husahau. Waingereza waliunda vikosi vya kuchimba vilivyojaa watu wa migodi ya makaa, na Wajerumani nao walikuwa na wao. Walichimba kuelekeana, wakasikilizana kupitia ukuta wa chaki, wakalipuana. Ufundi uliokuwa wa kumpatia mtu mkate ukawa wa kumzika jirani yake.

Kutoka hapo nenda Beaurains, kilomita tatu hivi kusini. Ni kurudi nyuma kidogo, lakini hapo ndipo pa swali lako la tatu, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda.

Beaurains kuna karakana za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na tangu 2019 wageni wanakaribishwa kuziona. Utawaona mafundi wakichonga mawe ya makaburi, maana mawe huchakaa na majina hufutika, hivyo kazi haiishi. Tume hiyo ilianzishwa 1917 kwa kanuni moja nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, na jiwe la jenerali na la askari wa kawaida yawe sawa. Utaiona kanuni hiyo njia nzima, safu kwa safu.

Kwetu haikufuatwa. Sina njia laini ya kulisema hilo. Wapagazi wa Carrier Corps, wale waliotuachia jina la Kariakoo, wengi hawakupewa jiwe wala jina. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka India na Afrika, walikumbukwa bila usawa. Ikaongeza kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti inasema wengi wa hao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ile ya 1927, ndiyo ilikuwa njia ya kuwakumbuka wote kwa mpigo, bila orodha.

Kwa hiyo, dada, jina la mzee wako hutalikuta kwenye kuta za Ufaransa. Yeye alifia upande wetu wa dunia. Lakini kama kuna mahali pa kusimama Ulaya na kumtaja, mimi ningesimama Beaurains, mbele ya mawe ambayo bado hayajaandikwa. Kumbukumbu za Tume zinatafutika kwa jina kwenye mtandao. Jaribu kila tahajia, kwa sababu makarani waliandika walivyosikia. Kabla ya safari waulize wazee wa Tanga jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji na mwaka alipochukuliwa. Hata usipompata, yaandike hayo mahali pa kudumu. Kuna familia nyingi ambazo kizazi kimoja tu kikiondoka hakuna tena wa kuulizwa.

Sasa rudi Arras ukashike kaskazini. Barabara kuu ya Souchez, D937, ina malori. Nenda kwa barabara za vijijini kila unapoweza, lakini usikose mahali paitwapo La Maison Blanche, karibu na Neuville-Saint-Vaast. Ni makaburi ya Wajerumani, 44,833, makubwa kuliko yote ya Wajerumani wa vita hivyo nchini Ufaransa. Hakuna bustani za maua kama za Waingereza. Ni nyasi, miti, na misalaba ya chuma inayokwenda mpaka macho yachoke, kila msalaba na majina kadhaa. Katikati ya misalaba kuna mawe yenye nyota ya Daudi: Wayahudi waliokufa wakiipigania Ujerumani. Simama mbele ya moja la hayo.

Vimy ni kilomita chache tu zaidi. Minara miwili myeupe ya mnara wa Kanada, kazi ya mchongaji Walter Allward, utaiona ukiwa bado mbali. Ilizinduliwa Julai 1936, na ukutani pana majina 11,285 ya Wakanada waliofia Ufaransa wasijulikane kaburi. Ukingo huu waliutwaa kati ya tarehe 9 na 12 Aprili 1917, na waliokufa katika siku hizo nne ni 3,598. Karibu na mnara kuna jiwe la Kitengo cha Morocco, waliofika hapa juu Mei 1915, miaka karibu miwili kabla ya Wakanada, wakashindwa kukaa kwa kukosa msaada nyuma yao. Basi za watalii hulipita bila kusimama. Wewe simama.

Tazama nyasi za hapo: ardhi imevimba na kudidimia kama shuka iliyokunjwa na kutupwa. Hayo ni mashimo ya mabomu. Kondoo ndio wanaokata nyasi, kwa sababu chini bado kuna mabomu ambayo hayajalipuka na mashine haziwezi kupita. Usiingie ng'ambo ya uzio hata kwa picha moja. Vilevile, ukiona kipande cha chuma chenye kutu kando ya shamba, kikiwa na umbo la chupa, usikiguse. Wakulima huyafukua kila wanapolima na kuyaweka kando ya barabara yakisubiri wataalamu wa kutegua mabomu.

Kisha nenda upande wa pili wa mnara, ule unaotazama bonde, ndipo maneno yangu ya mwanzo yatakapokuingia. Vilima vyeusi vyote viko chini yako.

Teremkia Givenchy-en-Gohelle kwa breki, halafu Souchez. Hapo una mlima halisi wa pekee wa siku: kupitia Ablain-Saint-Nazaire hadi Notre-Dame-de-Lorette, mita 165 juu ya bahari. Ni mfupi lakini una sehemu kali. Gia ndogo, pumzi ya kuhesabu. Juu kuna makaburi ya kijeshi makubwa kuliko yote ya Ufaransa, zaidi ya watu 40,000, na upande mmoja ni sehemu ya Waislamu, askari wa Afrika Kaskazini, mawe yao yameelekezwa Makka. Mwaka 2007 na 2008 makaburi hayo yalichorwa matusi na watu wenye chuki. Yalisafishwa. Kama ni mtu wa dua, soma Fatiha hapo. Hao hawatembelewi na ndugu.

Mkabala na makaburi ni Pete ya Kumbukumbu, iliyozinduliwa tarehe 11 Novemba 2014, kazi ya Philippe Prost. Ni duara kubwa la zege lililoezekwa ndani kwa mabamba ya chuma yenye rangi ya dhahabu, na sehemu yake moja inaning'inia hewani pale kilima kinapoanza kushuka. Majina ni 579,606, ya wote waliofia eneo hili la kaskazini, kwa mpangilio wa alfabeti. Hakuna cheo, hakuna taifa, hakuna dini. Mjerumani na Mfaransa waliouana wanaweza kuwa mistari miwili iliyofuatana. Ukifika kwenye jina Smith utatembea hatua kadhaa na bado ni Smith. Hayo ni maandishi madogo, weka uso karibu. Mzee wako hayumo humo, nimekuambia mapema ili usitafute bure.

Kuhusu nguo: ingia, hakuna atakayekukataza. Wenyeji wamezoea waendesha baiskeli, hii ni nchi yao. Lakini vua helmeti langoni, sukuma baiskeli au iegeshe nje, na zima sauti ya simu yako. Viatu vyenye vyuma chini vinagonga mawe kwa kelele na ni rahisi kuteleza. Beba kandambili au raba nyepesi mfukoni. Mimi huongeza fulana ya mikono mirefu juu ya jezi. Hilo silitaki kwa kila mtu, ila nikiwa nayo natulia zaidi.

Ukishuka pitia Cabaret-Rouge kama una nguvu, makaburi ya Waingereza ambamo mwaka 2000 Kanada ilichukua mabaki ya Askari wake Asiyejulikana, kisha ingia Lens ulale. Jumla itakuwa kilomita 45 hivi. Ni kidogo kwa mazoea yako, lakini nusu ya siku utakuwa umesimama.

Usilale mapema. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, na kilomita tatu tu kutoka Lens, Loos-en-Gohelle, kuna vilima pacha vya mgodi wa 11/19. Ni mabaki matupu: mawe yaliyotoka shimoni pamoja na makaa, yakamwagwa kwa miaka hadi kilele kikafika mita 186 juu ya bahari, kupita hata Lorette. Wachimbaji wetu wa Geita wakisema duara wanamaanisha shimo la kuingilia; hapa unapanda kile kilichotoka ndani ya maduara. Funga baiskeli chini, panda kwa miguu. Kokoto nyeusi zinateleza chini ya kiatu na kulia kama mkaa uliovunjika. Juu kabisa utaona Lorette na Vimy mstari mmoja, njia yako yote ya siku. Hapo chini, tarehe 25 Septemba 1915, Waingereza walitumia gesi ya sumu kwa mara ya kwanza, na sehemu nyingine upepo ukawarudishia. Majina zaidi ya 20,000 ya wasio na kaburi yako ukutani pale Dud Corner, kando ya barabara ya Béthune.

Siku ya pili ni ya makaa. Itakuwa kilomita 85 hivi kuelekea mashariki, na mara nyingi upepo wa huku hutoka magharibi, kwa hiyo utakusukuma. Anza kwa kuitazama stesheni ya Lens, iliyojengwa 1927 kwa umbo la treni ya moshi. Vita vilipokwisha mji mzima ulikuwa vifusi. Wajerumani walikuwa wamelipua mashimo ya migodi na kuyajaza maji. Hata jumba la makumbusho la Louvre-Lens, lililofunguliwa Desemba 2012, limekaa juu ya shimo la zamani namba 9. Bonde lote liliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka huo huo wa 2012, pamoja na nyumba za wachimbaji na vilima vyake.

Nenda Méricourt, taratibu. Tarehe 10 Machi 1906 vumbi la makaa lililipuka katika mgodi wa Courrières, mashimo yaliyounganishwa chini ya vijiji hivi, wakafa watu 1,099. Wengi walikuwa vijana wadogo. Kampuni ilisimamisha uokoaji mapema, ikaelekeza nguvu kwenye kuokoa mgodi. Siku 20 baadaye watu 13 walitoka wenyewe gizani, wakiwa hai. Hasira ya mgomo uliofuata ilitikisa Ufaransa nzima. Na kuna jambo moja ninalotaka ulifikirie ukiwa mbele ya kaburi la pamoja: waokoaji walikuja hata kutoka Ujerumani, wachimbaji wa Westphalia na vifaa vyao vya kupumulia, wakashuka kuwatafuta wenzao wa Ufaransa. Miaka minane baadaye mataifa hayo mawili yalikuwa yakilipuana chini ya chaki, umbali usiofika kilomita kumi kutoka hapo.

Ukipita Montigny-en-Gohelle, kumbuka kulikuwa na shimo lililoitwa Dahomey, jina la kale la Benin. Mwisho wa Mei 1941, chini ya uvamizi wa pili wa Wajerumani, mgomo wa wachimbaji ulianzia hapo, ukafika watu wapatao 100,000. Wake zao waliandamana, na Émilienne Mopty aliyewaongoza alikamatwa akauawa Ujerumani 1943. Wachimbaji 244 walipelekwa kwenye kambi ya mateso ya Sachsenhausen, Ujerumani. Ukipata saa moja ya ziada Arras siku ya kwanza, nenda kwenye ukuta wa ngome ambako watu 218 waliowapinga Wajerumani walipigwa risasi. Soma kazi zao kwenye vibao: mchimbaji, mchimbaji, mchimbaji.

Oignies ndipo makaa ya mwisho ya bonde hili yalipotolewa, tarehe 21 Desemba 1990. Mnara wa chuma wa kushushia watu bado umesimama. Kunywa kahawa, jaza chupa, endelea. Karibu na Douai, Lewarde ina jumba la makumbusho la migodi lililo kubwa kuliko yote nchini. Likikuvutia, toa saa mbili na ukubali kwamba utafika jioni. Barabara ni tambarare. Angalia tu matope ya matrekta na makutano ya reli, uyakate kwa pembe, siyo sambamba.

Mwisho ni Wallers-Arenberg. Minara mitatu ya mgodi, na hatua chache mbele msitu wenye barabara ya mawe iliyonyooka, urefu wa kilomita 2.3, maarufu kwa mashindano ya Paris–Roubaix. Aliyeipendekeza, ikaingizwa 1968, ni Jean Stablinski, mtoto wa wahamiaji wa Poland, bingwa wa dunia wa 1962, ambaye kabla ya baiskeli alifanya kazi kwenye mgodi huu huu. Ndiye pekee kati ya waendeshaji aliyepita chini ya msitu huo na juu yake. Jiwe lake liko mlangoni.

Kabla ya kuingia punguza upepo wa tairi hadi psi 60 hivi, kama uzito wako ni wa kawaida. Shika usukani kwa ulegevu, kaa katikati ya barabara pale mawe yalipovimba, tumia gia nzito kidogo na usiache kukanyaga. Kama kumenyesha, shuka, pitia njia ya pembeni. Ukungu wa kijani juu ya mawe hayo umevunja mifupa ya mabingwa. Ukitoka upande wa pili mikono itakuwa inawaka. Kaa kwenye nyasi kidogo, kisha jaza upepo tena, maana kilomita kama 12 za kwenda Valenciennes ni za lami, na treni ya Lille inatoka hapo.